Muulize Bibi wa Maabara: Kwa Nini Minyoo Inarudi?

Barua za mwezi huu nyingi ni za tumbo. Sababu naijua: shule zimegawa vidonge vya minyoo, watoto wamerudi nyumbani na hadithi za chooni, wazazi wameanza kuulizana. Nimechagua barua tano. Mnaoniita daktari mniwie radhi. Mimi ni mtu wa hadubini, nimestaafu kutoka maabara ya hospitali ya wilaya huku Tanga. Naeleza kipimo na kinachotokea mwilini. Kuandikiwa dawa ni kwa daktari wako.

Shikamoo Bibi. Mwanangu ana miaka saba. Alipewa dawa ya minyoo shuleni, akatoa minyoo miwili mirefu mpaka nikapiga kelele. Miezi minne baadaye tumbo limeanza tena na kipimo kimeonyesha mayai. Surua aliugua mara moja, nesi akasema haitarudi kwa kuwa mwili umeshajifunza. Kwa minyoo mwili haujifunzi? Au dawa za siku hizi ni feki?
Mama Muheza

Marahaba mwanangu. Dawa iliyomwaga minyoo miwili mbele ya macho yako si feki, imefanya kazi yake. Ila albendazoli, yaani kidonge cha minyoo, inaua minyoo iliyomo tumboni wakati ule, haimwachii mtoto ulinzi wa kesho. Akimeza mayai mengine wiki inayofuata, hesabu inaanza upya. Minyoo mviringo huchukua miezi miwili hadi mitatu tangu yai kumezwa hadi jike kuanza kutaga, kwa hiyo miezi yako minne inatosha kabisa.

Swali lako la surua ni zuri kuliko unavyodhani. Kirusi cha surua ni kidogo mno. Kinaingia ndani ya seli, kinazaliana humo, na mwili ukishakitambua una silaha za kukimaliza: kingamwili zinakinasa, seli zilizoambukizwa zinauawa, na kumbukumbu inabaki maisha. Bakteria nao humezwa na chembe nyeupe za damu. Sasa mnyoo je? Jike la minyoo mviringo lina sentimita 20 hadi 35. Hakuna chembe nyeupe iliyozaliwa inayoweza kumeza kitu cha urefu huo. Ngozi yake ni ngumu, na haliingii ndani ya seli. Linaogelea katikati ya utumbo likila chakula ulichokwisha kusaga wewe. Mwili haupotezi muda kujaribu kuliua. Unachotaka ni litoke.

Chukua mfano wa mpangaji mkorofi ambaye huna ubavu wa kumbeba ukamtupa nje: unafanya chumba kisikalike. Kwenye ukuta wa utumbo kuna seli chache zenye kishungi cha vinyweleo kichwani. Tulizijua kwa sura miaka yote, lakini vitabu tulivyosomea chuoni havikuwa na la maana kuhusu kazi yake. Mwaka 2016 timu tatu za watafiti zilionyesha kwamba ndizo zinazogundua mnyoo umeingia, kisha zinatoa kemikali ya kuita msaada inayoitwa interlukini-25. Msaada huo ni seli za kinga zinazoishi ndani ya ukuta wa utumbo. Zikiamshwa zinatoa interlukini-13, na hapo ndipo vurugu inapoanza. Seli za ute zinaongezeka na kumwaga ute mzito, mnyoo ukose pa kushika. Maji yanavuja kuingia utumboni. Misuli ya utumbo inabana kwa nguvu. Utando wa juu unabadilishwa haraka kuliko kawaida, hivyo mnyoo uliojishikiza unakuta ulichokishika kinaondoka nao. Na seli changa zinazozaliwa wakati huo, nyingi zaidi zinakuwa zile za kishungi, kwa hiyo wito wa msaada unazidi kuwa mkubwa.

Wakati huohuo interlukini-4 inaziagiza seli nyingine zitengeneze kingamwili za aina ya IgE. Hizi zinakwenda kukaa juu ya seli zenye vifuko vya histamini, kemikali ya kuvimbisha na kuwasha. Kipande cha mnyoo kikigusa IgE, vifuko vinapasuka, histamini inamwagika, utumbo unavimba na kutoa maji zaidi. Kunyongwa tumbo na kuharisha ambako akina mama huwa tunakimbilia kuzuia, mara nyingine ni mwili uko kazini.

Mengi ya haya yameonwa kwa panya wa maabara. Kuna aina ya minyoo ambayo panya mzima huitoa yote ndani ya wiki mbili kwa njia hii. Binadamu na minyoo yake hawaendi haraka hivyo. Jike la minyoo mviringo linaweza kukaa ndani ya mtu mwaka mmoja hadi miwili, likitaga mpaka mayai 200,000 kwa siku, na mwenyewe mtu anakwenda shule na kucheza mpira. Kwa nini mwili unalivumilia?

Kwa sababu vita ya namna ile ikipiganwa mwaka mzima kwa nguvu zote, atakayeharibika ni mtoto. Utumbo uliovimba hausharabu chakula. Kwa hiyo baada ya muda mwili wenyewe unatuma seli za kutuliza, zenye kemikali kama interlukini-10, zinazowaambia wapiganaji wapunguze. Na minyoo inajua kuchochea suluhu hiyo. Kuna mnyoo wa panya uliokutwa unatengeneza protini inayoigiza kabisa kemikali ya mwili ya kutuliza kinga, ingawa kwa umbo hazifanani hata kidogo. Mnyoo unatoa amri kwa sauti ya mwenye nyumba, na seli zinatii. Hapo utaelewa kwa nini mtoto mwenye minyoo mingi anaweza kukaa miezi bila homa hata ya siku moja.

Kwa hiyo mwanangu, mwili unajifunza, lakini unajifunza nusu. Tukipima kijiji kizima, wenye minyoo mviringo na minyoo mjeledi wengi zaidi ni watoto wa umri wa shule. Watu wazima huwa nayo michache. Sehemu ya tofauti hiyo ni kinga iliyojengwa polepole kwa miaka, sehemu ni kwamba mtu mzima hali udongo. Minyoo ya safura hata hapo haituheshimu. Hiyo utaikuta kwa wingi kwa wakulima wenye mvi.

Watafiti waliowahi kukusanya tafiti za nchi mbalimbali walikuta kwamba mwaka mmoja baada ya watu kupewa dawa, maambukizi ya minyoo mviringo yalikuwa yamerudi kufikia asilimia 94 ya kiwango cha mwanzo, ya minyoo mjeledi asilimia 82, na ya safura asilimia 57. Dawa walikunywa, udongo ulibaki uleule. Yai linalotoka leo na kinyesi halimwambukizi mtu leo. Linahitaji wiki mbili tatu za kukomaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, kisha linaweza kukaa hai humo miaka. Dawa mpe kila inapogawiwa. Lakini nenda ukakitazame choo cha shule yenyewe, uone kama kuna maji ya kunawa, na ukikuta ndoo tupu ulizia kwenye kikao cha wazazi mbele ya watu.

Bibi, habari za kazi. Mimi ni kijana mkulima wa mpunga, Ifakara. Nilikohoa wiki mbili, usiku kifua kinabana na kupiga miluzi. Makohozi hayakuwa na TB. Daktari akaagiza picha kamili ya damu, ikaonyesha eosinofili asilimia 18. Akaniuliza kama huwa natembea peku shambani, akanipa dawa ya minyoo. Mimi naumwa kifua, minyoo imeingiaje hapo?

Njema mwanangu, na daktari wako mpe heshima yake.

Eosinofili ni aina mojawapo ya chembe nyeupe. Kwenye slaidi iliyopakwa rangi utaijua hata ukiwa mwanagenzi wa wiki ya kwanza: kiini chake kina vipande viwili, na pembeni imejaa chembechembe za rangi ya chungwa iliyokolea, zinang'aa chini ya lenzi ya mafuta. Kwa mtu mzima wa afya huwa hazizidi asilimia 5 au 6 ya chembe nyeupe. Unahesabu chembe 100, na eosinofili ikikutokea kila unaposogeza slaidi, tayari unajua mgonjwa huyu kuna kitu kinamtembea mwilini. Uboho wa mifupa huzizalisha kwa wingi pale interlukini-5 inapoagiza.

Hizo chembechembe ni sumu. Nimemwambia Mama Muheza kwamba mwili hauna ubavu wa kuua mnyoo mzima. Lava, yaani mnyoo mchanga, ni jambo jingine, maana ni ndogo na iko safarini. Eosinofili zinajazana juu ya lava iliyokwisha kupakwa kingamwili, zinaibandikia, na kuimwagia sumu ile juu ya ngozi. Nyingine hufa, nyingine hupita.

Na safari yenyewe inapita mapafuni. Lava ya safura inaingia kwa ngozi ya mguu, inachukuliwa na damu hadi moyoni na kwenye mapafu, inatoboa kuingia kwenye vifuko vya hewa, inapanda koo, unaimeza bila kujua, na huko utumboni ndiko inakokomaa. Njia ya ngozini iligunduliwa Kairo mwishoni mwa karne ya 19 na Mjerumani Arthur Looss, baada ya maji yenye lava kumdondokea mkononi na ngozi kuanza kumwasha. Lava ya minyoo mviringo haiingii kwa mguu, humezwa ikiwa ndani ya yai, lakini nayo inazunguka kupitia ini na mapafu kabla ya kurudi tumboni. Hilo daktari wa Kijapani, Shimesu Koino, alilithibitisha mwaka 1922 kwa kumeza mayai 2,000 mwenyewe, akaugua kifua, na lava akazikuta kwenye makohozi yake. Msiige.

Kwa hiyo kikohozi chako huenda kilikuwa ni mapambano ya eosinofili na lava ndani ya mapafu. Mwaka 1932 daktari wa Uswisi, Wilhelm Löffler, aliwaeleza wagonjwa wa namna hii: kikohozi, madoa kwenye picha ya kifua yanayohama na kupotea, eosinofili juu. Jambo linalowapiga chenga wengi ni hili: wakati lava ziko mapafuni, choo hakina yai hata moja, maana wazazi hawajapatikana. Ukipima choo wiki ile unaambiwa huna minyoo. Kipime tena baada ya miezi miwili. Na kwa kuwa unashinda kwenye maji ya majaruba, omba wakuangalie na kichocho. Nacho hupandisha eosinofili, na dawa yake ni nyingine. Pumu, mzio na baadhi ya dawa pia huzipandisha. Ila amiba na giardia, ambazo kila mtu mjini anadai anazo, kwa kawaida hazipandishi. Mtu akikwambia eosinofili zako zimepanda kwa sababu ya amiba, tafuta maoni mengine.

Viatu vya mpira vya shambani vinavuja jasho na vinachosha, najua. Vaa hivyohivyo.

Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Nimezaliwa Unguja, naishi Maskati. Wanangu wawili wana pumu na mafua ya mzio, binamu zao walioko shamba Unguja hawana, na minyoo wanayo. Nimesoma kwamba Ulaya kuna watu wanameza mayai ya minyoo kujitibu. Tukija likizo, niwaache wanangu bila dawa ya minyoo, huenda wakapona?

Waalaykumu salaam mwanangu. Usiwaache.

Hata hivyo wazo lenyewe halikuanzia kwa wapuuzi. Umeona hapo juu kwamba IgE na histamini ni zana za kupigana na minyoo. Zana hizohizo ndizo zinazomletea mwanao pumu, safari hii zikipigana na utitiri wa vumbi la godoro. Na umeona minyoo inavyotuliza kinga. Watafiti waliofanya kazi na watoto wa shule Gabon waliandika mwaka 2000 kwamba wenye kichocho ngozi zao hazikushtuka sana zilipopimwa kwa utitiri wa vumbi, na walikuwa na interlukini-10 kwa wingi. Miaka minne baadaye, Gabon hukohuko, watoto waliotibiwa minyoo kwa muda mrefu ngozi zao zilianza kushtuka zaidi. Entebbe nako, watoto ambao mama zao walipewa albendazoli wakiwa wajawazito walipata ukurutu zaidi kuliko wale ambao mama zao walipewa kidonge kisicho na dawa.

Halafu fuata mkondo mpaka mwisho, usiishie katikati kama wanavyofanya wauza mayai. Kwenye visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda, vijiji 26 viligawanywa, nusu vikapewa dawa za minyoo mara nyingi kwa miaka mitatu, nusu kwa ratiba ya kawaida. Pumu na mzio havikutofautiana. Na kule Ulaya, mayai ya minyoo mjeledi ya nguruwe yalipojaribiwa Denmark kwa watu wenye mafua ya mzio, hayakusaidia kitu.

Kushtuka kwa ngozi kwenye kipimo si ugonjwa wenyewe. Na binamu zao wa shamba wametofautiana na wanao kwa mambo mengi mbali na minyoo: hewa, mazulia, kiyoyozi, chakula, mifugo uani. Minyoo tunaijua madhara yake kwa hakika. Mnyoo mmoja wa safura, ule wa aina inayonyonya zaidi, unamtoa mtu hadi mililita 0.2 za damu kwa siku. Zidisha kwa minyoo 100, mtoto anapungukiwa damu huku unasubiri pumu ipone. Puliza dawa ya pumu kama ulivyoelekezwa, na likizo njooni salama.

Jambo moja mweleze daktari wao huko, kwani huenda hakulisomea: minyoo mviringo na utitiri wa vumbi zina protini zinazofanana. Mtu aliyekulia kwenye minyoo, kipimo chake cha damu cha mzio wa utitiri kinaweza kuonyesha ana mzio wakati hana dalili yoyote. Kamba wa baharini wamo kwenye mkumbo huohuo.

Dada yangu, mimi ni mstaafu mwenzako, Mtwara. Viungo vinanitesa, nimeandikiwa prednisoloni. Lakini daktari kijana amegoma kunianzishia hadi nipimwe minyoo kwanza. Naona ananichelewesha bure.

Kaka, kijana huyo amefundishwa vizuri. Kuna mnyoo mdogo, jike lake halifiki milimita 3, unaitwa strongiloidesi. Minyoo mingine niliyoitaja hapa, mayai yake lazima yatoke nje kwanza. Huu lava zake zinaweza kukomaa ukiwa bado ndani, zikatoboa utumbo au ngozi ya sehemu ya haja na kuanza mzunguko upya. Kwa hiyo unaweza kukaa na mtu miaka 40 bila yeye kukanyaga udongo wenye maambukizi tena. Waliwahi kugundulika wanajeshi waliokuwa wafungwa wa vita Asia wakati wa Vita vya Pili, wakiwa bado nao miongo mingi baada ya kurudi kwao.

Miaka yote hiyo kinga ndiyo inayoubana usizidi. Prednisoloni kazi yake ni kuilaza kinga, ndiyo maana viungo vyako vitapoa. Ikilala, lava zinaongezeka kwa maelfu, zinatoboa utumbo zikibeba bakteria, na mtu anaishia na sumu kwenye damu au homa ya uti wa mgongo. Wengi hufa. Ubaya zaidi, dawa hiyohiyo hushusha eosinofili, kwa hiyo hata damu haitutonyi.

Kipimo cha kawaida cha choo huukosa mara nyingi. Uliza kama maabara yao inaweza kufanya kile cha maji ya vuguvugu, ambapo choo kinawekwa kwenye chachi juu ya faneli na lava zenyewe zinashuka chini kufuata joto. Kisipokuwepo, daktari anaweza kuamua kukutibu kwa ivamektini bila kusubiri. Albendazoli ya kidonge kimoja kwa huu haitoshi.

Bibi, mwanangu anasaga meno usiku, jirani anasema ni minyoo na nimpe mbegu za papai. Nimpe?
Bi Harusi wa Zamani, Tabata

Kusaga meno si kipimo cha minyoo, ningekuwa nayo mimi mpaka leo. Mbegu za papai ni chungu, mtoto atazitema, na kiasi cha kumtosha hakuna aliyekipima ukakiamini kama kidonge. Hata kidonge si cha miujiza kwa kila mnyoo: kwenye jaribio lililofanyika Pemba na kutangazwa mwaka 2014, albendazoli ya mara moja iliponya minyoo mjeledi kwa watoto chini ya 3 katika kila 100. Ndiyo maana kwa mnyoo huo daktari huweza kutoa dawa siku tatu mfululizo.

Mpeleke akapimwe choo. Na tafadhali, kiasi cha kijiko kidogo kinatosha, kwenye kikopo safi chenye mfuniko, kisichochanganyika na mkojo, kifike maabara ndani ya saa moja au mbili. Zamani kililetwa kwenye boksi la kiberiti na tulikisoma. Siku hizi watu wanaleta kopo la nusu kilo limejaa hadi juu, cha tangu jana, halafu wanashangaa mayai ya safura hayaonekani. Mayai hayo yana ganda jembamba: kwenye slaidi tunayotengeneza kwa gliserini yanayeyuka ndani ya nusu saa hadi saa moja, na kwenye choo kilicholala kwenye joto la Dar yameshaanguliwa.